Sanamu ya bibi: ni Yosefu au ni Antoni, na je, ipakwe rangi upya?

*"Shikamoo mwalimu. Sisi ni Wakatoliki wa hapa Bagamoyo. Bibi yetu mzaa mama alifariki mwaka jana, akatuachia sanamu aliyokuwa akisali mbele yake tangu sisi tukiwa wadogo. Ni mwanamume amembeba Mtoto Yesu mkono wa kushoto, na Mtoto amekalia kitabu. Amevaa kanzu ya kahawia yenye kofia iliyoangukia mgongoni, kiunoni amejifunga kamba nyeupe yenye mafundo. Hana ndevu, na utosi umenyolewa, zimebaki nywele za kuzunguka kichwa tu. Mkono wa kulia umefumba ngumi yenye tundu na vidole viwili vimekatika. Chini rangi inabanduka, ndani kunaonekana cheupe kama chaki. Bibi alimwita Yosefu, na sote tumekua tukimwita Yosefu. Sasa mama mkubwa amepatana na fundi aioshe kwa sabuni, azibe kwa saruji, apake rangi ya mafuta na kumchorea ndevu, ili awe Yosefu kamili kabla ya misa ya kumbukumbu. Jirani yetu aliyeokoka anasema tuivunje, ni kuabudu sanamu. Tena kuna kijana kutoka Dar anayenunua vitu vya kale, anasema ni ya wamisionari wa kwanza na anataka kutupa pesa. Mwalimu, kama si Yosefu, sala zote za bibi zilikwenda kwa nani? Na tufanye nini?"*

Marahaba, mwanangu. Poleni sana kwa msiba wa bibi.

Kabla hujasoma neno lingine, mwombe mama mkubwa amsimamishe fundi. Msibishane naye, mwambie tu asubiri. Mengine yote uliyouliza yanaweza kungoja wiki au mwezi, lakini sabuni, saruji na ndevu zikishaingia hazitoki.

Uliyenieleza si Yosefu. Ni Mtakatifu Antoni wa Padua, na umeniandikia alama zake kwa uangalifu kiasi kwamba sikuhitaji hata picha. Kosa la bibi ni la kawaida mno, nimelikuta katika nyumba nyingi na hata katika makanisa, kwa sababu watakatifu hawa wawili huchongwa wakiwa na vitu viwili vilevile: Mtoto Yesu mkononi na ua la yungiyungi. Mtu akimwona mwanamume kambeba Yesu mchanga, jina la kwanza kumjia ni la baba mlishi wake. Ni fikra ya haki kabisa. Ila wachongaji wa kanisa hawakutaka tukisie, walituachia mavazi na vitu vya mkononi ili hata asiyejua kusoma amtambue mtakatifu.

Yosefu katika sanaa ya Kanisa la magharibi karibu kila mara ana ndevu. Huvaa kanzu ndefu na juu yake joho, kwa kuwa alikuwa mtu wa kawaida mwenye familia, si mtawa. Penye Mtoto pasipo na ua, hupewa fimbo iliyochipua maua, kutokana na masimulizi ya kale yasiyo ya Biblia juu ya jinsi alivyoteuliwa kuwa mchumba wa Maria. Au hupewa kazi yake: randa, msumeno, pembemraba. Tangu Papa Pius XII alipoweka sikukuu ya Yosefu Mfanyakazi tarehe 1 Mei mwaka 1955, sanamu zake zenye vyombo vya useremala zimeongezeka sana.

Wa kwenu amevaa vazi la kitawa la Wafransisko, yaani watawa wanaomfuata Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Kamba kiunoni ndiyo ushahidi mkubwa. Hesabu mafundo yake. Kwa kawaida ni matatu, nayo ni nadhiri tatu za mtawa: ufukara, usafi wa moyo na utii. Utosi ulionyolewa ni alama ya watawa na wakleri wa zamani. Uso usio na ndevu unatutenganisha na Yosefu. Mtu angeweza kuuliza kama si Fransisko wa Asizi mwenyewe, maana naye huvaa vazi hilohilo, lakini Fransisko ana madonda matano ya Bwana mikononi, miguuni na ubavuni, na mara nyingi ana ndevu fupi. Kagueni viganja vya sanamu. Msipoona alama ya jeraha, shaka imekwisha. (Rangi ya vazi peke yake isiwahukumie, kwa kuwa yapo matawi ya Wafransisko yanayovaa kijivu au nyeusi, na Antoni amechongwa kwa rangi zote hizo.)

Lile tundu kwenye ngumi ya kulia lilishika ua la yungiyungi. Kikonyo cha ua hutengenezwa peke yake, mara nyingi kwa waya au bati, kisha huchomekwa. Ndicho kitu cha kwanza kupotea, na kinapong'oka huondoka na vidole. Tafuteni katika droo na masanduku ya bibi. Watu wa umri wake hawakutupa kitu kama hicho.

Huyu Antoni ni nani? Alizaliwa Lisbon, Ureno, mwaka 1195, akabatizwa Fernando. Alikuwa kwanza mtawa wa Mtakatifu Augustino, msomi, mtu wa vitabu. Mwaka 1220 ililetwa Coimbra mifupa ya Wafransisko watano waliouawa Moroko, naye akaguswa sana, akaacha utawa wake wa mwanzo akajiunga na ndugu hao maskini, akajiita Antoni. Alitaka kwenda Moroko, yaani kuja Afrika, lakini maradhi yakamrudisha na upepo ukaitupa meli yake Sicily. Hivyo akawa mhubiri wa Italia na kusini mwa Ufaransa. Alifariki karibu na Padua tarehe 13 Juni 1231, na Papa Gregori IX akamtangaza mtakatifu tarehe 30 Mei 1232, mwaka haujatimia. Mwaka 1946 akatangazwa Mwalimu wa Kanisa, cheo cha watakatifu wenye mafundisho makubwa. Kwa usomi wake huo kitabu chake ni cha lazima: tangu picha za mwanzo anashika kitabu. Mtoto aliongezwa baadaye sana, akaenea hasa katika karne ya 17, kutokana na simulizi kwamba mwenyeji mmoja aliyempa chumba cha kulala aliona mwanga usiku, akachungulia, akamwona Antoni akizungumza na Mtoto Yesu. Wachoraji wakamkalisha Mtoto juu ya kitabu, kuonyesha kwamba Neno alilokuwa akilisoma ndiye aliyemjia. Hili la kitabu, kwangu mimi, ndilo jambo zuri kuliko yote katika sanamu yenu. Fundi akimgeuza Yosefu, kitabu kile hakitakuwa na maana tena.

Wapo watu wanaodhani Antoni ni mtakatifu wa Wazungu peke yao. Wareno walimpenda kwa kuwa ni mtoto wa Lisbon, wakampeleka kila walikofika, na katika ufalme wa Kongo watu walimpokea wakamfanya wao. Mafundi wa huko walisubu sanamu ndogo za shaba nyeupe na nyekundu, wakaziita Toni Malau, watu wakazivaa kuomba ulinzi wake. Kamba na mafundo yake yapo, Mtoto yupo, lakini nyuso na mikono imechongwa kwa macho ya Kikongo. Mwanamke kijana, Kimpa Vita, alihubiri huko akisema roho ya Mtakatifu Antoni imemwingia, akachomwa moto mwaka 1706. Kwa hiyo mtakatifu aliyekaa sebuleni kwa bibi yenu ana historia ndefu katika bara hili.

Sasa swali ambalo naona ndilo linalowaumiza, la sala. Bibi alimwomba Yosefu. Alimtaja kwa jina, alimkusudia yeye moyoni, basi ni Yosefu aliyeombwa. Imani ya Kanisa haijawahi kusema kwamba sala hupita ndani ya chokaa. Basili Mkuu, katika karne ya 4, aliandika kwamba heshima inayotolewa kwa picha humwendea yule aliye asili ya picha. Mtaguso wa pili wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 787, uliyachukua maneno hayo ukatofautisha mambo mawili: ibada ya kuabudu, ambayo ni ya Mungu pekee, na heshima, ambayo picha takatifu zinaweza kupewa. Bibi akikosea kutambua uso, Mungu hakukosea kumtambua bibi. Wala msianze kuwasahihisha wazee wengine wa familia kwa ukali. Waambieni sanamu ni ya Antoni, na bibi kwa miaka yote alimwomba Yosefu mbele yake. Yote mawili ni kweli.

Jirani yenu mjibuni kwa upole. Hofu yake ya kuabudu vitu ni hofu ya kibiblia, na Wakristo wamegawanyika juu yake tangu zamani. Wakati wa mageuzi ya Kiprotestanti, mji wa Zürich uliondoa sanamu zote makanisani mwaka 1524, ilhali Martin Luther, aliyeyaanzisha mageuzi hayo, alipinga uvunjaji wa sanamu uliofanyika Wittenberg miaka miwili kabla. Mtetezi mkubwa wa picha takatifu, Yohane wa Damasko, aliandika akiishi chini ya utawala wa Waislamu, katika jamii ambayo majirani hawakubali picha katika ibada, hali ambayo sisi wa pwani tunaifahamu vizuri. Aliandika kwamba haabudu maada, anamwabudu Muumba wa maada aliyekubali kuwa na mwili. Jirani si lazima akubali. Ila kuivunja si uamuzi wake.

Tuje kwenye sanamu yenyewe, maana hapa ndipo hatari ilipo.

Ule weupe kama chaki unaniambia si mbao. Ni jasi, ile inayoitwa plasta ya Paris kwa kuwa machimbo maarufu yalikuwa kwenye kilima cha Montmartre. Jasi ni madini yaliyofungia maji ndani ya fuwele zake. Likichomwa kwa joto la nyuzi 150 hivi hupoteza robo tatu ya maji hayo, likawa unga. Unga ukichanganywa na maji huyarudisha, huganda, na wakati wa kuganda huvimba kidogo sana, ukajaza kila kona ya kalibu. Ndiyo sababu kalibu moja iliweza kutoa sanamu nyingi zenye mikunjo ya nguo na kucha za vidole zilezile. Katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 viwanda vya Ulaya, hasa vya Paris kuzunguka mtaa wa Saint-Sulpice, vilizisambaza duniani kote. Nyingi zina uwazi ndani, na mikono huimarishwa kwa waya wa chuma.

Jasi likishaganda linaonekana jiwe, lakini maji bado ni adui wake. Lita moja ya maji huyeyusha kama gramu 2 za jasi. Linanyonya unyevu kama mkate mkavu unavyonyonya chai, kutoka chini kwenda juu, hasa pale kitako kilipo wazi bila rangi. Bagamoyo hewa yetu ina chumvi mwaka mzima, na masika kuta zenyewe hutoa jasho. Maji yanapanda na chumvi, yanakauka chini ya rangi, chumvi inageuka fuwele, fuwele zinaisukuma rangi. Hivyo ndivyo rangi ya miguuni inavyobanduka wakati ya usoni ipo. Unyevu ukifika kwenye waya, waya unashika kutu, kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma, jasi linapasuka. Nina hakika kubwa kwamba vidole havikukatika kwa kugongwa tu.

Angalia sasa alichopanga fundi. Sabuni na maji vitayeyusha uso wa jasi palipo wazi na kupeleka unyevu ndani. Rangi nzito ya mafuta itauzuia unyevu huo kutoka, basi utatafuta njia na kuibandua rangi ya zamani pamoja na mpya. Saruji ni mbaya kuliko vyote: ni ngumu kuliko jasi, na saruji na jasi vikikutana penye unyevu hutengeneza chumvi inayovimba. Miaka michache tu, mkono mzima utadondoka. Akipiga msasa kwanza, kuna jambo la afya pia, kwa kuwa rangi za mafuta za zamani mara nyingi zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Simlaumu fundi. Hizo ndizo kanuni za kupaka ukuta, naye amezijua kazini kwake.

Basi mna njia gani? Ya kwanza ni kuiacha ilivyo, na kwa familia nyingi ndiyo ninayoipendekeza. Iondoeni kwenye ukuta wa nje na mbali na dirisha linalopokea upepo wa bahari. Isikae sakafuni. Iwekeni juu ya ubao, chini yake pawe na vijiti viwili vya mbao hewa ipite. Vumbi litolewe kwa brashi laini kavu ya kuchorea, si kitambaa, maana kitambaa hunasa rangi iliyoinuka. Mishumaa isogezwe mbali, moshi wake una mafuta. Vipande vyote vilivyodondoka, hata punje, vifungwe kwenye karatasi safi na kuandikwa vimetoka wapi. Msibandike vidole kwa gundi ile kali inayokauka papo hapo. Antoni asiye na vidole viwili bado ni Antoni.

Njia ya pili ni matengenezo ya kitaalamu: kuigandisha rangi iliyoinuka, kuondoa kutu, kujaza mapengo kwa jasi safi na kupaka rangi kwenye pengo tu, bila kugusa rangi ya zamani. Ni kazi ya polepole na ina gharama. Ulizeni kwanza Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam, na pale Bagamoyo kwenye makumbusho ya misheni, ambako wamezoea kutunza vitu vya kanisa katika hewa hiihii. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, TaSUBa, ina watu wa uchongaji. Wanaweza kuwachongea ua jipya la mbao la kuchomeka bila gundi, mkitaka. Lakini kuchonga ni ufundi mmoja na kuhifadhi kitu cha kale ni ufundi mwingine, mwambieni mapema mchongaji asipake kitu.

Njia ya tatu, kama mama mkubwa anataka kweli Yosefu wa kumkumbuka bibi, ni kununua Yosefu mpya na kumweka kando ya Antoni. Sioni ubaya wowote, na pengine ndiyo itakayomaliza mvutano nyumbani.

Usingoje kumtafuta mtu wa kuiona ana kwa ana ukiona ufa unaozunguka vifundo vya miguu, sanamu ikianza kuegemea upande, michirizi ya rangi ya kutu mkononi au kwapani, au unga mweupe unaorudi kila ukiufuta. Hapo isibebwe kwa kushikwa kichwa au mkono. Ilazwe juu ya mto, na watu wawili waibebe kwa kitako na mgongo.

Kuhusu kijana wa Dar. Misheni ya Bagamoyo ilianzishwa mwaka 1868 na mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu wakiongozwa na Padre Antoine Horner, ambaye jina lake ni la mtakatifu huyuhuyu, na ilikuwa na kijiji cha watumwa waliokombolewa. Kila kitu cha kale mjini huhusishwa na miaka hiyo, na wachuuzi wanaijua hamu hiyo. Maelezo uliyonipa hayaithibitishi kauli yake. Sanamu za namna hii ziliendelea kuletwa kwa miongo mingi, na heshima kwa Antoni ilipanda sana Ulaya baada ya mwaka 1890, ulipoanza huko Toulon, Ufaransa, mpango wa mkate wa Mtakatifu Antoni kwa maskini. Igeuzeni taratibu mtazame nyuma ya kitako. Viwanda vingi viligonga jina au namba pale. Mkiipata, ipigeni picha msiikwangue. Sokoni sanamu ya kalibu haina bei kubwa. Ikiwa anatoa pesa nyingi, mnapaswa kujiuliza anataka kuipeleka wapi, na kabla ya kitu cha kale kutoka nchini ni lazima ofisi za Mambo ya Kale ziulizwe. Antoni ameshaibwa hata katika kanisa kuu la Sevilla: mwaka 1874 mtu alikata kwa kisu umbo la Antoni peke yake kutoka katika mchoro mkubwa wa mwaka 1656 wa Murillo, mchoraji wa Hispania. Liliokotwa New York mwaka uliofuata, kwa mfanyabiashara wa sanaa aliyelitambua, likarudishwa na kuunganishwa tena mahali pake.

Kuna swali hukuliuliza ambalo lazima mliulize nyumbani: bibi aliipataje? Aliinunua, alipewa zawadi, au alikabidhiwa kuitunza wakati kanisa au kigango kikijengwa? Ikiwa ni ya parokia, si yenu kuiuza wala kuitengeneza, na kwa sanamu za thamani zilizowekwa makanisani sheria ya Kanisa hudai ruhusa ya maandishi ya askofu kabla ya matengenezo. Nendeni kwa paroko mkiwa na picha nne: mbele, nyuma, kitako na mkono uliovunjika. Mwombeni atazame kumbukumbu za parokia, na mwombeni pia kwamba siku ya misa sanamu iletwe kama ilivyo. Kabla ya siku hiyo kaa na mama mkubwa, uandike anachokumbuka: bibi aliipata mwaka gani, kwa nani, iliwahi kukaa nyumba gani, na nani mwingine alisali mbele yake. Andika na tarehe ya siku mliyozungumza, utoe nakala mbili, moja ibaki kwa paroko.